Kabla ya filimbi Karatu, mechi ya kwanza ni ya mashine ya nyasi

KARATU. Mei 25, 2025, Simba ilitakiwa iwe Kwa Mkapa, jijini Dar es Salaam, ikipindua matokeo ya 2-0 iliyofungwa na RS Berkane kwenye fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika. Badala yake mashabiki walivuka maji hadi Zanzibar. Mechi ikapigwa New Amaan Complex, ikaisha 1-1, na kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1.

Wekundu wa Msimbazi hawakukosa ngome yao kwa sababu ya vurugu wala faini. Walikosa kwa sababu ya eneo la kuchezea la Uwanja wa Benjamin Mkapa. Machi mwaka huohuo, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilikuwa limeshaufungia uwanja huo kwa muda kwa sababu hiyohiyo. Bodi ya Ligi nayo imewahi kufungia viwanja vya hapa nyumbani kwa kosa la aina hiyo.

Kutoka Kwa Mkapa hadi Karatu ni zaidi ya kilomita 700, lakini ishu ni moja. Mashabiki wanamjua straika, wanamjua kocha, wanamjua hadi mpiga tarumbeta. Mtu anayekata nyasi hawamjui, na ni wachache wanaojua kwamba kazi yake inaweza kumkata vidole, mguu au kumwondolea uhai.

Wilaya ya Karatu ina jina kubwa kwenye riadha kuliko soka. Huku ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Lakini ukipita mjini, ukapanda Rhotia, ukaenda Oldeani au ukashuka Mang'ola, jioni utakuta gozi linatembea kila penye uwazi. Shule zina viwanja, hoteli za watalii zina bustani pana, na barabara ya lami inayokwenda lango la Lodoare kuingia Ngorongoro imejaa majengo yenye nyasi za kutunzwa.

Nyasi hizo zina wakataji wa kila aina. Kuna fyekeo la mkono, kuna mashine ya kubeba begani, kuna ile ya kusukuma, na pale penye uwezo kuna ya kukalia, ile inayofanana na katrekta kadogo. Hii ya mwisho ndiyo inayovutia kila mtu. Ndiyo pia inayohitaji akili zaidi, kwa sababu ukiiona unadhani ni kiti cha starehe.

Kilomita 14 kwa miguu

Piga hesabu ndogo. Uwanja wa kawaida wa kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukiwa na mashine ya kusukuma inayokata nusu mita kila mstari, utakwenda mistari 136. Hizo ni zaidi ya kilomita 14. Kiungo anayezunguka dimba zima kwa dakika 90 hukimbia kilomita 10 hadi 12.

Ukipanda mashine ya kukalia yenye upana wa kukata wa mita moja, mistari inashuka hadi 68 na umbali unakuwa kilomita saba. Kwa mwendo wa kilomita sita kwa saa, ongeza muda wa kugeuza, kazi inaisha kwa saa moja na nusu hivi. Ndiyo maana shule au klabu ikipata mashine ya namna hii, hata iliyotumika, inashangilia kama imesajili.

Tatizo linaanzia hapo. Mchezaji mpya hupimwa afya, hufanya mazoezi na wenzake, hupewa jezi. Mashine mpya mara nyingi hukabidhiwa kijana wa kibarua pamoja na ufunguo, anaonyeshwa pa kuwashia, basi. Buti hana, miwani hana, na kitabu cha maelekezo kiko kabatini kwa mhasibu.

Kisu chenye kasi kuliko shuti

Chini ya kiti cha mashine hiyo kuna kava la chuma, na ndani yake visu viwili au vitatu vinazunguka. Viwango vya usalama vya Marekani vimeweka ukomo wa kasi ya ncha ya kisu kuwa futi 19,000 kwa dakika. Ukibadilisha, ni karibu kilomita 347 kwa saa. Shuti kali la mchezaji wa kulipwa liko kati ya kilomita 100 na 130 kwa saa. Sasa fikiria kokoto, kipande cha nondo au kizibo cha soda kinachopigwa na kitu chenye kasi hiyo.

Viwanja vyetu vina kila kitu. Watoto huweka mawe mawili kuwa goli, wakiondoka mawe yanabaki. Baada ya mkutano wa hadhara kunabaki vigingi na kamba za maturubai. Kwa hiyo kazi ya kwanza haifanyiki juu ya kiti. Mwendeshaji anatembea uwanja mzima na ndoo, akiokota mawe, waya, chupa na mifupa, na akichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu kila penye shimo au kisiki. Dakika 20 hizo zinaokoa kisu, na zinaokoa jicho la mtu.

Kazi ya pili ni kuondoa watu. Uwanja wa Karatu hauko tupu hata siku moja. Mama anakatiza na mzigo kwenda sokoni, mbuzi wako kona ya kaskazini, watoto wanakuja kushangaa mashine. Mashine ikiwa inakata, watu wote wawe nje ya eneo la kuchezea, na ile pembe inayotoa nyasi isielekezwe kwao. Kifuniko cha pembe hiyo kisifungwe juu kwa waya ili "nyasi zitoke fasta". Kimewekwa pale kuzuia mawe.

Na mtoto asipakatwe juu ya mashine, hata kama ni mtoto wa mwalimu mkuu na anaomba raundi moja tu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri asiyefika miaka 16 asiendeshe kabisa mashine ya kukalia. Ubaya wa raundi moja ni kwamba inamfundisha mtoto kuwa ile ni bembea. Kesho yake ataikimbilia kwa nyuma wakati dereva anarudi kinyumenyume bila kumwona. Dereva anayetaka kurudi nyuma azime visu kwanza, ageuke atazame chini na nyuma, ndipo arudi.

Waya wa dairekti

Chini ya kiti kuna swichi ndogo ambayo wengi hawaijui. Dereva akiinuka wakati visu vinazunguka, swichi inakata moto, injini inazima. Viwango hivyohivyo vya Marekani vinataka visu vya mashine ya kukalia visimame ndani ya sekunde tano baada ya dereva kuondoka kwenye kiti.

Vumbi na mvua vikiingia, swichi hiyo inachoka. Mashine inaanza kuzima ovyo kila tairi likiingia shimoni. Fundi wa mtaani anaitwa, anachungulia, anaunga waya dairekti. Mashine inapona, bosi anafurahi, fundi analipwa. Kuanzia siku hiyo, mwendeshaji akianguka kutoka kwenye kiti, visu vinaendelea kuzunguka. Akishuka kuondoa nyasi zilizokwama huku injini inanguruma, hakuna kinachomlinda.

Hii ni rafu ya kadi nyekundu ya moja kwa moja. Swichi ikifa, inanunuliwa nyingine, na mpaka ipatikane mashine inakaa benchi. Mwendeshaji anaweza kuipima kila asubuhi akiwa sehemu tambarare: anavuta breki, anawasha, anaingiza visu, kisha anainua makalio kidogo bila kushusha miguu chini. Injini isipozima, siku hiyo hakuna kazi.

Pima maji na ubao wa mita moja

Karatu ni nchi ya miinuko. Viwanja vingi vimechongwa ubavuni mwa kilima, upande mmoja umechimbwa na mwingine umejazwa, na pembeni kuna kingo kali. Eneo la kuchezea huwa halina shida. Shida ni ule ukingo ambao mwenye uwanja anataka nao ung'ae.

Watengenezaji wengi wanaweka ukomo wa mteremko kuwa nyuzi 15. Huhitaji kifaa cha gharama kuujua. Chukua ubao wenye urefu wa mita moja na pima maji ya fundi ujenzi. Weka ncha moja ya ubao juu ya mteremko, nyanyua ncha nyingine hadi pima maji ionyeshe ubao umelala sawa, kisha pima nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikizidi sentimita 27, mashine ya kukalia isipande hapo. Mpe mtu fyekeo.

Pale panaporuhusiwa, mashine ya kukalia inapanda na kushuka kwa kunyooka, haikatizi mteremko kwa ubavu. Ile ya kusukuma ni kinyume chake, inakatiza, ili mtu akiteleza isimrudie miguuni. Kwenye mteremko huwezi kupiga kona ya ghafla wala kuachia gia. Mashine yenye chuma cha kumkinga dereva ikipinduka inaendeshwa na mkanda ukiwa umefungwa. Isiyo na chuma hicho, mkanda usifungwe, maana ikibiringika itambana dereva chini yake.

Udongo mwekundu wa Karatu ukilowa ni sabuni. Kwa hiyo asubuhi yenye umande, au siku ya mvua, subira inahitajika. Saa 4 asubuhi jua likishakausha majani ni muda mzuri kuliko saa 1. Nyasi mbichi zilizolowa zinaziba kava, zinakatika vibaya na kuacha mabonge yanayoua majani yaliyo chini yake.

Subira hiyo inakuwa ngumu Desemba. Ndio msimu wa mvua za vuli, nyasi zinakimbia, na ndio mwezi ambao mji umezoea Tamasha la Michezo la Karatu kwenye viwanja vya Mazingira Bora. Kila mwenye uwanja mwezi huo anataka nyasi zikatwe leo. Kanuni ya wataalamu wa nyasi haijali presha hiyo: usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkupuo mmoja. Zikifika sentimita tisa, zishushwe hadi sita, siku chache baadaye hadi nne. UEFA hairuhusu nyasi za mashindano yake kuzidi milimita 30, lakini uwanja wa shule ukishushwa hapo ghafla unaungua na kubaki vumbi.

Injini inayohema Ngorongoro

Kuna lawama moja ambayo mafundi wa ukanda huu wanaisikia sana: mashine haina nguvu, inatoa moshi mweusi, inakula mafuta. Wengi wanakimbilia kufungua karbureta. Kabla ya hapo kuna vitu viwili vya kutazama.

Cha kwanza ni mwinuko. Injini ndogo ya petroli hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Mang'ola, jirani na Ziwa Eyasi, iko kwenye mita elfu moja na kidogo. Karatu mjini ni takriban mita 1,500, hapo asilimia 17 hivi ya nguvu imeshaondoka. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko takriban mita 2,300, ambako zaidi ya robo ya nguvu haipo. Mashine yenye karbureta iliyopangwa kwa ajili ya Dar itavuta petroli nyingi kuliko hewa, na moshi mweusi ni dalili yake. Dawa ni jeti ndogo ya karbureta iliyotengenezwa kwa miinuko, na dereva kupunguza mwendo badala ya kuilazimisha.

Cha pili ni vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi jekundu la Karatu linaingia hadi kwenye sukari. Chujio la hewa likiziba, dalili ni zilezile: moshi mweusi, nguvu hakuna. Kwa hiyo lifunguliwe kila baada ya siku ya kazi. La karatasi linagongwagongwa taratibu kwenye kiganja, haliloweshwi petroli wala kupulizwa kwa upepo mkali unaolitoboa. La sponji linaoshwa kwa maji ya sabuni, linakaushwa, linapakwa oili kidogo na kukamuliwa. Likichanika linatupwa. Kuendesha bila chujio ni sawa na kuipaka injini msasa kwa ndani.

Oili inapimwa kila siku kabla ya kuwasha, mashine ikiwa tambarare. Injini mpya nyingi hutaka oili ibadilishwe baada ya saa tano hadi nane za kwanza, kisha kila saa 50, lakini kwenye vumbi usisubiri hadi zifike. Daftari la senti chache lenye tarehe, saa za kazi na kilichofanyika lina faida kuliko kumbukumbu ya mtu.

Nyasi kavu zinazojikusanya kwenye mapezi ya kupozea injini na kuzunguka ekzosi nazo ni hatari. Zinaipika injini, na zinaweza kuwaka. Msimu wa kiangazi, jirani na hifadhi, cheche moja haihitaji msaada. Ziondolewe kwa brashi injini ikishapoa, na mashine ya moto isiingizwe stoo yenye majani makavu au madumu ya mafuta. Petroli nayo haimiminwi kwenye injini ya moto, wala ndani ya stoo, wala na mtu mwenye sigara. Dumu linawekwa chini kwenye udongo wakati wa kujazwa, halijazwi likiwa juu ya gari. Na oili chafu haimwagwi mferejini, inarudishwa gereji.

Kisu butu, mpira wa kuruka

Wachezaji wanalalamika mpira unaruka, kipa anafungwa bao la aibu, lawama zinaenda kwa shimo. Wakati mwingine ni upepo wa matairi. Tairi la kushoto likiwa na upepo mdogo kuliko la kulia, mashine inalala upande na kila mstari unakuwa na ngazi. Pasi ya chini inayokatiza ngazi 68 haiwezi kufika ilipokusudiwa. Pima upepo, kisha pima kwa rula urefu wa ncha za visu kutoka chini, kulia na kushoto.

Kisu butu nacho hakikati, kinachana. Siku mbili baadaye uwanja unakuwa na rangi ya kahawia juu, na majani yaliyochanika yanaugua kirahisi. Kisu kinolewe kila baada ya saa 25 hivi, mapema zaidi kikigonga mawe. Kabla ya kukigusa, zima injini, chomoa ufunguo, vua waya wa plagi na uweke mbali, vaa glavu nene. Mashine ikiinuliwa, jeki peke yake haitoshi. Weka stendi au magogo imara chini yake.

Baada ya kunoa, ning'iniza kisu kwenye msumari ukutani kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ni mzito, upunguze kidogo kwa tupa mpaka kilale sawa. Kisu kisicholingana kinatikisa mashine nzima, kinakula beringi na kulegeza nati. Chenye ufa hakichomelewi, kinatupwa.

Nani anabeba mzigo

Kijana akiumia, stori huishia kwenye "hakuwa makini". Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kumfundisha mfanyakazi na kumpa vifaa kinga. Kwa kazi hii ni buti ngumu, suruali ndefu isiyopepea, miwani na vizuia kelele vya masikio. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi 2015 na waajiri wa Tanzania Bara wanatakiwa kujisajili. Kibarua wa kukata nyasi ni mfanyakazi kama mhasibu aliyefungia kitabu cha maelekezo kabatini.

AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha imepangiwa uwanja wa watazamaji 30,000 pale Olmoti, saa chache kwa gari kutoka Karatu. Nyasi za pale zitahitaji watu wanaojua mashine. Kijana wa Karatu mwenye daftari lake la oili, anayejua kunoa kisu na kukataa waya wa dairekti, ana kitu cha kuonyesha atakapokwenda kuomba kazi.

Kwa sasa ana uwanja wake. Saa 6 mchana mstari wa mwisho umeisha, visu vimezimwa, breki imevutwa. Anasubiri injini ipoe ndipo aanze kupiga brashi. Watoto wameshaingia na mpira wao wa makaratasi, wawili wanaizunguka mashine wakigusa usukani. Ufunguo uko mfukoni mwake.